Mwenzi wa Mgonjwa wa Kisukari Asiwe Askari

Katika nyumba nyingi mume au mke akipata kisukari cha aina ya kwanza, mwenzake hugeuka askari. Anahesabu kila tonge na kukemea kila kikombe cha chai. Kwa maoni yangu, msaada wa namna hiyo humfundisha mgonjwa kula kwa siri na kunyamaza anapojisikia vibaya.

Ugonjwa huu hauletwi na kula sukari. Kinga ya mwili huharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922, wagonjwa hawa walikufa. Kwa hiyo sindano haina mbadala katika mitishamba, wala haiachwi bila ushauri wa daktari, hata mgonjwa akiwa na homa.

Kazi ya mwenzi ni kujua dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, maneno yasiyoeleweka. Hapo usigombane naye. Mpe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, ngoja dakika 15; asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu na kumkimbiza hospitali.

Sukari iwekwe karibu na kitanda, maana hushuka hata usiku. Na siku ya kliniki nendeni wote wawili. Mwenye kuelewa ugonjwa hana haja ya kukemea.