Krimu ya Siku Saba Ndiyo ya Kuogopa

Msimu wa bonasi ya majani chai ukifika, Ekerenyo hujaa watu wenye mabegi. Kuna wa sufuria, kuna wa viatu vya shule, na siku hizi kuna wa krimu za mikunjo. Wanajua pesa ziko wapi na zinaingia lini. Wanamngoja mama aliyechuma majani mwaka mzima, wanamshikia kioo, wanamwonyesha mistari kando ya macho, halafu: "Siku saba tu, mama." Elfu mbili mia tano.

Mmoja wao aliniomba nimtangazie. Nikamwambia anitumie picha ya nyuma ya kopo, pale viambato vinaandikwa. Akanitumia picha ya mbele. Nikakataa, na kwa kuwa sasa anaambia watu nilikataa kwa sababu ya bei, wacha niseme sababu.

Najua mtaniuliza kijana wa miaka 22 anajua nini kuhusu mikunjo. Nilisoma biokemia mihula minne kabla karo kunishinda. Mlionikumbusha juzi kwamba sina digrii, karibuni tena.

Na sitamcheka mama yeyote anayetaka uso laini. Wale wanaosema "si akubali umri wake" hawajawahi kumwambia hivyo mzee anayepaka nywele dawa nyeusi. Pesa ni zake, uso ni wake. Ninachotaka ni anunue kitu kinachofanya kazi.

Sasa sikiliza. Ngozi hukunjamana kwa sababu kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia kutoka ndani, zimepungua na kukatika. Kuzijenga tena ni kazi ya miezi. Hata krimu iliyoandikwa "collagen" haisaidii hapo, maana molekyuli zake ni kubwa mno kupenya ngozi. Kwa hiyo krimu ikikulainisha ndani ya wiki moja, kuna mambo mawili yanayowezekana. Pengine imejaza maji ngozi ya juu, kitu ambacho hata gliserini ya kawaida hufanya, na ukinawa kinaisha. Hiyo ni hasara ya pesa tu. Au ina steroidi.

Hapo kwa steroidi ndipo siwezi kunyamaza. Mwanzoni uso unang'aa, vipele vinatulia, majirani wanauliza siri. Ukiendelea kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka. Na ngozi nyembamba hukunjamana zaidi! Yaani unalipa pesa ya bonasi ununue mikunjo. Ukiona nyuma ya kopo jina kama clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa ya ugonjwa wa ngozi, ya kuandikiwa na daktari kwa muda maalum. Zebaki na haidrokwinoni ziko kwenye orodha ya marufuku ya KEBS kwa vipodozi, na zebaki huumiza figo. Kopo lisilo na orodha yoyote ya viambato, liache papo hapo.

Kinachofanya kazi kinachosha kusimulia, ndiyo maana hakuna anayekitembeza kwa begi. Cha kwanza ni kujikinga na jua. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu wazima 903 waliofuatiliwa miaka minne na nusu. Walioambiwa wapake losheni ya kukinga jua kila siku, ngozi yao ilionyesha kuzeeka kwa asilimia 24 pungufu ya walioachwa wapake wanavyotaka. Ndiyo, wengi wao walikuwa wazungu, na melanini yetu inatukinga, ndiyo sababu mikunjo hutuchelewa. Lakini sisi tuko milimani, karibu na ikweta, na shamba la majani halina kivuli. Leso ya kichwani inafunika nywele, si mashavu. Kofia pana inashinda krimu nyingi za elfu mbili. Ukitaka ushahidi, chunguza shavu la kulia la dereva mzee wa matatu ya Kisii, lile la upande wa dirisha, ulilinganishe na la kushoto.

Losheni yenyewe iwe SPF 30 au zaidi, na uijaribu mkononi kwanza, kwa sababu nyingi zinatuacha na rangi ya jivu. Na mtu asiniambie ni mambo ya wazungu. Hapo Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC inatengeneza losheni ya Kilisun kwa watu wenye ualbino, ambao kwao suala si urembo, ni saratani.

Cha pili ni tretinoini. Ilianza kama dawa ya chunusi. Mwaka 1986 Albert Kligman na wenzake wa Pennsylvania walichapisha kwamba inapunguza mikunjo iliyoletwa na jua, na Marekani ikaiidhinisha kwa kazi hiyo 1995. (Huyo Kligman alifanyia majaribio yake wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao weusi. Dawa ni nzuri, historia yake si nzuri.) Inachukua miezi mitatu hadi sita kuona tofauti, na wiki za kwanza uso unaweza kubanduka. Ngozi yetu ikiwashwa sana huacha madoa meusi, kwa hivyo anza na kiasi cha punje ya njegere, usiku, mara mbili kwa wiki, baada ya kuongea na daktari au mfamasia. Mwenye mimba au anayetafuta mtoto asiiguse.

Sindano za Botox ziko Nairobi kwa mwenye nazo. Hukaa miezi mitatu, minne, halafu unalipa tena.

Na kama tayari umepaka hizo za siku saba kwa miezi, usiache ghafla ukiwa peke yako, uso unaweza kuwaka na kuvimba. Nenda hospitali pale Ekerenyo ukiwa umebeba kopo. Usiliache nyumbani kwa aibu, daktari anahitaji kuliona.