Ringi feki au kipimo feki? Somo la moshi wa bluu njia ya Makunduchi

Leo naomba tuweke pembeni siasa za vyama, tuzungumze siasa ya moshi. Ndiyo, moshi! Ule wa bluu unaotoka nyuma ya daladala mpaka aliyepanda vespa nyuma yake anafunga pua. Kila mtu hapa Unguja ana jibu lake: spea feki, spea feki, spea feki. Mie pia nilikuwa kwenye kundi hilo, na nilipiga kelele kuliko wengi. Leo nimekuja kukiri kuwa nilikuwa nusu sahihi tu, na hiyo nusu nyengine imetugharimu sana nyumbani.

Kisa chenyewe ni hichi. Baba alipostaafu, kiinua mgongo chake karibu chote alikiingiza kwenye Hiace moja ya dizeli, injini 3L. Kaka yangu mkubwa ndiye dereva, njia ya 310, Mjini mpaka Makunduchi. Gari hiyo ndiyo iliyonilipia tuisheni mpaka nikamaliza fomu foo, na ndiyo inayomnunulia baba dawa za presha. Mwaka jana ikaanza kula oili, lita nzima kila baada ya siku mbili tatu. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Fundi akasikiliza kidogo, akasema ringi zimekwisha, tufungue injini.

Kaka akatumwa dukani mjini na kikaratasi kilichoandikwa "seti ya ringi 3L". Basi. Hakuna zaidi. Muuzaji akaweka maboksi matatu juu ya meza: la rahisi, la kati, na la bei kali lenye maandishi ya Kijapani. Kaka akachukua la bei kali, pesa ikatoka kwenye mchezo wa bi mkubwa, zamu aliyoingoja muda mrefu. Injini ikafungwa, gari ikarudi barabarani, tukashangilia. Miezi miwili haikufika, moshi ule ule!

Dukani wakakataa kurudisha hata senti. Barazani kila mtu akatoa hukumu: MMEUZIWA FEKI. Nami nikaandaa makala ya hasira nimseme mwenye duka. Nashukuru Mungu sikuitoa.

Kaka akaipeleka gari kwa fundi mwengine, mzee wa makamo, Mwanakwerekwe. Huyu alipofungua injini hakuangalia ringi kwanza. Alichukua kipimo akakiingiza ndani ya silinda, juu, katikati na chini, akawa ananisomea namba naandika. Mie kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kalamu. Alipomaliza akasema, "Mwanangu, nyie mmenunua kofia bila kupima kichwa."

HESABU YENYEWE

Silinda ya 3L ikiwa mpya ina upana wa milimita 96. Yetu, kule juu ringi ya kwanza inakofika, ilikuwa imelika mpaka 96.25. Utasema robo milimita ni kitu gani? Hata mie nilisema hivyo. Sasa chukua ile hesabu ya duara ya darasani, 22/7. Upana ukiongezeka 0.25, mzunguko unaongezeka karibu 0.8. Ringi nayo ni duara lililokatwa sehemu moja, na pale ilipokatwa panabaki mwanya. Kwa injini ya saizi hii mwanya huo unatakiwa uwe karibu 0.4. Ongeza 0.8, unapata 1.2. Mara tatu ya unavyotakiwa!

Kwa hiyo hata ringi zetu zingetoka kiwandani Japani asubuhi hiyo hiyo, zisingeziba. Gesi ya moto inapita chini, oili inapanda juu inaungua, moshi unatoka. Boksi halikuwa na kosa, au tuseme hatutajua kama lilikuwa na kosa, kwa sababu hatukulipa nafasi ya kufanya kazi.

Na kuna jambo jengine. Silinda iliyolika inaacha ukingo kule juu, mahali ambapo ringi hazifiki. Ringi mpya ina kona kali, ikigonga ukingo ule inaweza kuvunjika. Mbili katika zetu zilikuwa zimepasuka. Sisi tulishasema "unaona, feki hizi!"

KUCHAGUA RINGI NI NINI BASI?

Nimeuliza mafundi kadhaa, nimesoma, na haya ndiyo niliyoelewa. Wajuzi mtanisahihisha.

Kwanza pima silinda kabla ya kwenda dukani. Kwa dizeli za namna hii, ulaji ukifika kama 0.2 hivi, ringi za standadi hazifai tena. Silinda zote zinachongwa, kisha unanunua pistoni na ringi za ovasaizi, kwa mfano 0.50, yaani silinda inakuwa 96.50. Kama imelika kupita hapo, inatiwa sleevu.

Pili, usikubali ule ujanja wa kununua ringi za 0.50 na kuzipiga tupa ziingie kwenye silinda isiyochongwa. Silinda iliyolika si duara tena, imekuwa kama yai. Ringi itagusa hapa, pale haigusi. Utapata wiki chache za raha, basi.

Tatu, angalia na unene. Ringi mbili zinaweza kuwa na upana sawa lakini unene tofauti, kwa sababu pistoni zimebadilika toleo kwa toleo. Nenda na pistoni ya zamani mkononi, uingize ringi kwenye mfereji wake hapo hapo dukani. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Nne, ringi yenye alama, herufi au namba karibu na mwanya, alama hiyo inaangalia juu. Mianya isipangwe mstari mmoja, na ukuta wa silinda upigwe mikwaruzo ya kukatana ili ringi zikae. Ukuta ulio laini kama kioo hauzoei ringi.

Tano, na hii ni kwa nyie wenye Vitz, IST na Raum za kisasa. Injini kama 1NZ bloku lake ni la alumini na ukuta wa chuma ndani yake ni mwembamba, Toyota hawakuziwekea ovasaizi. Huko ni sleevu au injini nyengine. Na 1ZZ za mwanzo zina sifa mbaya ya kula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, ringi ya tatu inaganda. Ukibadilisha ringi ukaacha pistoni ile ile, unanunua ugonjwa ule ule tena.

FEKI ZIPO, TUSIDANGANYANE

Sisemi hakuna feki. Zipo, na huhitaji kuwa mhandisi kujua kuwa boksi ni kitu rahisi kuchapisha kuliko ringi. Tazama kitu hichi kilivyo kizito duniani. Julai 2007 tetemeko la ardhi liliipiga Kashiwazaki, Japani, kiwanda cha Riken kikasimama, na Toyota na makampuni mengine makubwa ya magari wakasimamisha mitambo kwa siku kadhaa kwa kukosa spea za kiwanda hicho kimoja, ringi zikiwemo. Nchi inayotengeneza magari ya dunia nzima ilikwama kwa kiduara kinachoingia mfukoni! Oktoba 2023 Riken huyo na mshindani wake wa miaka mingi, Nippon Piston Ring, wakaungana chini ya kampuni moja, NPR-Riken. Kwa hiyo muuzaji akikupigia debe kuwa RIK na NPR ni mahasimu, moja bora na nyengine takataka, mwambie siku hizi ni nyumba moja.

Lakini huku kwetu neno "feki" limekuwa pazia. Fundi asiyepima analitumia kujikinga. Muuzaji naye anakwambia ulifunga vibaya. Mwenye gari anabaki katikati na deni. Na kuna cha juu pia, tusifichane: fundi mwengine anakupeleka duka fulani kwa sababu ana chake pale, wala haulizi saizi.

Serikalini vyombo vipo. Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ina sheria yake tangu 2011. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC, sheria yake ni ya 2018 na ndani yake mna kumlinda mlaji. Sasa niambie, mie na kaka yangu tungekwenda kushitaki na nini? Risiti yetu iliandikwa "ring set 1". Haina jina la kiwanda, haina saizi, haina injini. Hakimu gani atafanya kazi na hiyo?

Ndiyo maana naona vita ya feki tunaianza mwisho badala ya mwanzo. Kuchoma maboksi mbele ya kamera ni sawa, lakini mambo mawili madogo yangesaidia zaidi. Moja, risiti ya spea ya injini iandikwe kiwanda, saizi na aina ya injini, iwe lazima. Pili, vipimo. Vituo vya Mafunzo ya Amali vipo Mwanakwerekwe na Mkokotoni, vijana wanafundishwa ufundi wa magari. Wangefungua dirisha ambapo mtu analeta bloku lake, anapimiwa kwa ada ndogo, anapewa karatasi yenye namba na muhuri. Karatasi hiyo unakwenda nayo dukani, na ukigombana unakwenda nayo kwa wakubwa. Vijana wanapata mazoezi, mwenye gari anapata ushahidi.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya wenye magari. Hapana bwana. Gari ikilala gereji, mwanafunzi wa Makunduchi anasimama kituoni, bi mkubwa wa Jambiani mwenye mwani wake anakosa usafiri, na nauli ya gari iliyobaki inapanda kimya kimya.

Yetu tumeichonga, 0.50, pistoni mpya, ringi za lile boksi la kati. Ndiyo, la kati! Fundi alizipima moja moja ndani ya silinda kabla ya kufunga, mianya yote ikawa sawa. Oili tumebadilisha mapema, kaka hakuikimbiza wiki za mwanzo. Mpaka leo ninapoandika ni mwezi wa tano, moshi hakuna. Lakini mchezo wa bi mkubwa umeshakwenda, na zamu nyengine ni mwakani. Robo milimita hiyo.

Haya wadau, uwanja wenu. Mafundi mliomo humu, nimekosea wapi? Na wewe uliyewahi kuuziwa ringi, ulipima kwanza au ulinunua boksi? Toeni maoni hapo chini, matusi hapana.