Mabinti wa Garissa Waingie Kwenye Umeme

Rebecca Miano aliingia KenGen mwaka 1998 akiwa mwanasheria, wala si mhandisi. Akapanda ngazi humo humo, akawa katibu wa kampuni, na mwaka 2017 akakabidhiwa usukani: mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni inayozalisha umeme mwingi kuliko nyingine zote Kenya. Aliondoka 2022 alipoteuliwa waziri.

Katika miaka hiyo ya kupanda kwake, KenGen ndiyo iliyokuwa ikiendesha majenereta ya dizeli mjini Garissa. Baadaye laini ya taifa ikafika, na Desemba 2019 ukazinduliwa mtambo wa jua wa megawati 50 chini ya REREC, shirika la umeme vijijini ambalo nalo limekuja kuongozwa na mwanamke, Rose Mkalama.

Jua lipo, mtambo upo. Lakini binti wa mfugaji bado anaijua stima kama mteja tu: anatumwa kibandani na simu ya mamake, anatoa shilingi zake, anasubiri ijae chaji, anarudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Umaskini una mkono hapa. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Mifugo ikafa, na karo ikaenda nayo. Pesa zikikauka hivyo, mara nyingi msichana ndiye wa kwanza kutolewa shule. Aliyetolewa kidato cha pili hataongoza kampuni yoyote.

Na wanaosema wazee hawatakubali? Wakumbuke Ijara. Mwaka 2017 wapiga kura wa huko walimpeleka bungeni Sophia Abdi Noor, mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha eneo bunge Kaskazini Mashariki.

Basi wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera wana kazi ya kufanya pamoja. Kamati za basari, za CDF na za kaunti, zitenge fungu la mabinti wanaotaka kusomea umeme, na wazazi wafike kwenye vikao hivyo kulidai. Kina mama wa ayuuto, vile vyama vya kuchangiana kwa zamu, wanaweza kutoa raundi moja kwa mwaka kumlipia karo binti wa jirani. Maimamu waliseme jambo hili Ijumaa, baba za mabinti hao wakiwa wameketi mbele. REREC na Kenya Power nao wawapokee wasichana hao kwa mafunzo kazini, pale pale mtamboni, wavae helmeti na kushika spana badala ya kutazama kupitia ua.

Chuo cha ufundi cha North Eastern National Polytechnic kiko Garissa mjini, kwa hiyo aliye karibu hahitaji nauli ya Nairobi wala jamaa wa kumlaza. Anayetaka kufunga sola ahakikishe pia anapata leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, maana bila hiyo kazi yake haitambuliwi kisheria.

Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne achukue matokeo yake wiki hii, ampeleke akaulizie nafasi, kabla posa haijabisha hodi.