Paka Tuliyemkataa



Wiki mbili zilizopita tulirejea nyumbani baada ya sala ya Alasiri, tukamkuta mjukuu wetu, binti wa miaka 7, ametungoja mlangoni na sahani iliyofunikwa kitambaa. Alipoifunua, tuliona biskuti moja ya siagi ya njugu yenye sura ya paka: masikio ya korosho, macho ya zabibu kavu, na masharubu ya sukari nyeupe.

"Babu, huyu ni wako. Nimemfanya mwenyewe."

Tulimtazama paka, wala hatukumtazama mtoto. Tukasema, "Sisi hatuli sanamu. Kwani chuoni hujafundishwa hukumu ya sanamu za viumbe?"

Mtoto hakulia. Aliifunika sahani yake akarudi jikoni. Baada ya Magharibi hakuja kutusomea juzuu yake kama ilivyo ada yake ya kila siku. Bibi yake alinyamaza hata tulipomaliza sala ya Isha, kisha akatwambia neno moja tu: "Bwana, leo fatwa imetangulia shukrani."

Usingizi ulitupaa usiku ule. Tukainuka tukafungua vitabu, ingawa tuliyoyasoma tulikuwa tumeyasomesha wenyewe kwa miaka mingi.

Ndugu msomaji, hadithi sahihi zenye makemeo makali juu ya waundao sanamu zipo, nasi hatuzifichi. Lakini katika vitabu hivyo hivyo vya Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Bi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na Mtume (S.A.W.) akiwaruhusu wasichana wenzake waingie wacheze naye. Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya siku Mtume (S.A.W.) alipoona kati ya vitu vyake vya kuchezea farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alimuuliza habari ya farasi huyo mwenye mbawa, naye akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Sulayman (A.S.) waliokuwa na mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka hata magego yake yakaonekana.

Kwa hoja hii wanavyuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea watoto katika katazo lile. Tena wengi wametenganisha baina ya sanamu inayotukuzwa na ile inayokanyagwa au kudharauliwa. Basi nini kilicho mbali zaidi na kutukuzwa kuliko biskuti inayotafunwa kwa chai? Wako wanaojizuia kwa uchaji, nao hatuwalaumu. Mwenye kutaka hadhari na atengeneze nyota, jani la mnazi, au gamba la kasa lisilo kichwa. Tunalomwomba ni kuwa amweleze mtoto kwa upole, na amshukuru kabla ya kumfundisha.

Asubuhi tulimwendea mjukuu wetu tukamtaka radhi. Akatutazama kwa mshangao. "Kwani masheikh nao huomba msamaha?" Swali hilo lilituuma kuliko neno la bibi yake. Tukamwambia kuwa wao ndio wanaostahiki zaidi kuomba. Tukamuuliza yuko wapi paka wetu. Akasema, "Nimempa mdogo wangu." Basi tukamwomba atufundishe kufanya mwingine.

Jumamosi tukaingia jikoni sote watatu, na kina mama wanaotusoma watatuwia radhi kwa kuingilia kazi yao. Vipimo ni hivi: siagi nusu kikombe, siagi ya njugu nusu kikombe, sukari kikombe 1, yai 1, unga wa ngano kikombe 1 na robo, na beking poda nusu kijiko cha chai. Siagi zote mbili hupigwa pamoja na sukari mpaka zilainike, yai likafuata, kisha unga uliochanganywa na beking poda. Donge huwekwa mahali pa baridi kwa muda wa saa nzima. Bibi yake alilisisitiza hilo, kwani donge lenye joto hutanuka motoni, na paka akatoka kama chapati.

Baada ya hapo ni kazi ya vidole vya watoto. Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu, vibonyeze kidogo, kisha uchomeke masikio: nusu mbili za korosho kwa paka, vidonge viwili vidogo vya donge kwa dubu. Oka kwa moto wa nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12, kingo zikianza kugeuka rangi. Asiye na jiko la umeme au la gesi na apalie makaa, machache chini na mengi kidogo juu ya kifuniko, kama tunavyooka mkate wa sinia. Zikitoka huwa laini, nao ndio wakati wa kubandika macho ya zabibu, zikipoa hukauka. Masharubu ni sukari ya unga iliyokorogwa kwa matone ya maziwa, ikaminywa kutoka kwenye mfuko uliokatwa ncha.

Yako mambo matatu ya kuangalia. Mwenye kusaga njugu zake mwenyewe na azichague moja moja, azitupe zilizosinyaa na zenye kuvu, kwani sumu ya kuvu haimalizwi na kukaanga. La pili, soma maandishi ya pakiti: baadhi ya vanila huwa na pombe, na baadhi ya peremende za kupambia zina jelatini ya nguruwe. Na la tatu ni jirani.

Mjukuu wetu alitaka kukimbilia nyumba ya pili na sahani ya kwanza, ampelekee rafiki yake. Bibi yake akamzuia, akaenda kumuuliza mama wa mtoto yule kwanza. Kumbe yule mtoto akila njugu huvimba midomo na pumzi humbana. Tumekaa nao ukuta kwa ukuta miaka mitatu, wala hatukujua. Tumeamrishwa kumkumbuka jirani tupikapo, na kumkumbuka ni pamoja na kumuuliza, kwani iko zawadi inayoweza kumpeleka mtoto hospitali. Basi vyombo vikaoshwa vyote, meza ikafutwa, akaokewa vileja vya unga wa mchele na samli, kila kimoja kikikatwa umbo la samaki.

Tulipokuwa tukingoja moto, tulimsimulia mjukuu wetu habari ya Bi Aisha na farasi wake. Alisikiliza kimya, kisha akachukua donge lililobaki akageukia ukutani ili tusimwone. Alichotuletea baadaye kilikuwa na miguu minne mifupi na vipande viwili vya korosho mgongoni. Kwa haki, kilifanana zaidi na punda wa Lamu.

"Huyu ana mbawa, Babu."

Tukasema ahsante. Kisha tukasema Bismillahi, tukamla kuanzia mbawa. Jioni ile, baada ya Magharibi, alikuja na msahafu wake akaketi pale pale pa siku zote, akasoma kuanzia aya aliyoiachia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku elimu pamoja na upole, na awafanye watoto wetu waipende dini yao majumbani mwetu kabla ya kuihofu. Wallahu aalam.