Kadi ya mkimbizi ni karatasi tu?

Wasee wa Lodwar, tuache kusema mambo ya Nairobi hayatuhusu. Oktoba 2024 wakimbizi wanne Waturuki walinyakuliwa huko Nairobi wakarudishwa Uturuki, kwa serikali ileile waliyoitoroka. Eti Uturuki iliomba, na imeahidi kuwatunza vizuri. Manze, fisi akiahidi kuchunga mbuzi utampa?

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu anakoweza kuteswa. Waziri anaweza kutia sahihi mgeni afukuzwe, sawa, lakini mkimbizi si mtalii aliyeishiwa viza. Na si Waturuki tu: 2016 James Gatdet Dak, msemaji wa upinzani Sudan Kusini, alipelekwa Juba, baadaye akahukumiwa kifo (alisamehewa, bahati yake).

Beshte yangu wa Kakuma anatoka hukohuko. Ameniuliza, “Juba wakiniomba je?” Nimekosa jibu. Mbunge wetu, wewe unalo?