Daraja la Uchumi Linasingiziwa

Wasafiri wengi wanaamini kwamba damu kuganda miguuni ni ugonjwa wa tiketi ya bei nafuu. Anayebanwa daraja la uchumi ndiye wa kuhofia. Aliyelipia daraja la biashara hana neno. Imani hii ni potofu, na ni ya hatari.

Ilikolezwa Oktoba 2000, binti wa miaka 28 aliposafiri kwa ndege kutoka Sydney hadi London, akaanguka uwanjani Heathrow na kufariki. Donge la damu lilikuwa limeng'oka mguuni na kuziba mishipa ya mapafu. Magazeti yakalitwisha lawama daraja la uchumi.

Mbona basi watu walikufa hivyo hivyo bila kupanda ndege? Mwaka 1940, Wajerumani wakiishambulia London kwa mabomu, wakazi walikesha vitini ndani ya mahandaki. Daktari Keith Simpson aliandika mwaka huo huo katika jarida la The Lancet kwamba vifo vya namna hii vimeongezeka.

Kinachoua ni kukaa bila kujongea. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi. Misuli isipofanya kazi, damu hutuama na kuweza kuganda. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, treni, basi au gari. Abiria wa basi anayetoka Dar es Salaam kwenda Bukoba naye yumo, ila hakuna anayemwonya.

Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2012 haukuona ushahidi wa kulilaumu daraja la uchumi. Ulichotaja ni kiti cha dirishani, kwa kuwa anayekaa hapo huona taabu kuinuka. Aspirini nayo, ambayo wengi huimeza kama kinga ya safari, mwongozo huo haukuipendekeza kwa kazi hiyo.

Kwa mtu mwenye afya njema hatari ni ndogo: takriban mmoja kati ya 6,000 katika safari ya zaidi ya saa 4. Lakini mjamzito, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, mgonjwa wa saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na aliyewahi kuganda damu hawamo katika hesabu hiyo. Hao wamwone daktari kabla ya safari, awaambie kama wanahitaji soksi za kubana au dawa.

Wewe msafiri, uwe umelipa nyingi au kidogo, inuka utembee, na ukiwa kitini chezesha nyayo. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inakukata, hata wiki kadhaa baada ya kufika, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari kwamba ulisafiri.