Wahandisi Wafunzwe Kuuliza Kabla ya Kuchora

Vyuo vikuu vyetu huhitimisha wahandisi wa mitambo wanaoweza kukokotoa mkazo wa chuma na kuchora gurudumu kwa kompyuta. Hayo ni mema. Hata hivyo, naona kwamba hatua ya kwanza ya kazi yao, yaani kulitaja tatizo, haijapewa uzito unaostahili.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, na yamkini msomaji atauliza nimefuata nini katika karakana ya wenyewe. Jibu ni kwamba mchakato wa usanifu huanza na maneno kabla ya vyuma. Mwanafunzi hutakiwa abainishe tatizo, aorodheshe mahitaji ya mtumiaji, apendekeze njia kadhaa, achague moja, aunde kielelezo, akijaribu, kisha arudi nyuma kurekebisha. Hatua mbili za mwanzo ni kazi ya lugha. Kosa likiingia hapo, hesabu zitakazofuata zitajibu kwa usahihi swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tuutazame mtaa wa Mukuru kwa Njenga, ulio jirani na Eneo la Viwanda jijini Nairobi, ambamo mkokoteni hubeba mitungi ya maji na shehena za kila aina. Mwanafunzi akipewa kazi ya kuuboresha, ni rahisi aandike kwa Kiingereza, akiwa maktabani, kwamba shida ni uzito, kisha atafute chuma chepesi. Akimwendea mvutaji na kumuuliza, "Mzee, ungependa mkokoteni mwepesi?" atajibiwa ndiyo, kwani nani atakataa? Lakini amwamkie kwanza, kisha amuulize, "Kazi hii inakusumbua wapi?" Huenda akasikia habari za mteremko, kwa kuwa breki ya mkokoteni aghalabu ni kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa nyuma, na mvutaji huinua mikono yake ili kisugue ardhi. Huenda akasikia habari za vichochoro, au za matope ya masika. Mteremko unadai breki, kichochoro kinadai upana mdogo, matope yanadai gurudumu la namna nyingine. Hiyo ni mikokoteni mitatu tofauti, na ajuaye ni upi unaohitajika ni mvutaji. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na katika miaka iliyofuata likaundwa jiko la kupunguza matumizi ya makaa. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, lakini halikupandikizwa kama lilivyokuwa. Mafundi wa jua kali walilifinyanga upya, na maoni ya wanawake waliolipikia yakazingatiwa, hata likapatikana jiko lenye kiuno chembamba na kitako kipana, lenye udongo wa kuchomwa katika nusu ya juu. Mafundi wa Shauri Moyo wanalijua vyema.

Aidha, Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wakazi walikaa meza moja na vyuo na mashirika kueleza mahitaji yao. Kama mipango ya barabara na majitaka iliweza kuanza kwa kusikiliza, kwa nini mradi wa mwanafunzi usiweze?

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za uhandisi. Naomba nieleweke: sisemi hesabu za mkazo zifundishwe kwa Kiswahili kuanzia kesho. Nasema tatizo ni mali ya mtumiaji, na hapana budi liandikwe kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaweza kulisahihisha. Tena Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo haina maana ikiwa inaishia mlangoni mwa karakana.

Napendekeza, basi, kwamba kila mradi wa mwaka wa mwisho uanze na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza tatizo. Mwanafunzi amsomee mtumiaji ukurasa huo, amwachie nafasi ya kusema "sivyo", aurekebishe, na ndipo ashike kalamu ya kuchorea. Ukurasa huo utahiniwe na mwalimu wa uhandisi pamoja na mwalimu wa lugha, na uwe na alama zake.

Sharti moja lisisahaulike. Mvutaji mkokoteni anayesimama nusu saa kujibu maswali hupoteza safari za kumlisha. Afidiwe muda wake, na kielelezo kikikamilika apelekewe akijaribu, hata kama kimeshindwa. Wakazi wa Mukuru wana haki ya kujua maneno yao yalikwenda wapi, na mwanafunzi ana haja ya kusikia kutoka kwao kwa nini kazi yake imefaa au haikufaa.